Mfundishe Nyumbani, Lakini Jina Lake Liwe Shuleni

Baba na Mama wa Kasongo na Kabambare, ninyi wa mjini na ninyi wa Kipaka, Wamaza na Salamabila,

Nawaandikia kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa tisa, kwa sababu huu ndio wakati ambapo wazazi hukaa uani baada ya chakula wakaulizana: mtoto arudi darasani mwaka huu, au abaki hapa tumfundishe wenyewe? Zamani swali hilo lilikuwa la nyumba chache. Siku hizi nalisikia kwa muuza mchele, kwa muuguzi, kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, hata kwa walimu wa shule wanapozungumzia watoto wao wenyewe.

Sitaanza kwa kuwalaumu. Sababu mnazotoa ni za kweli. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure katika shule za umma mwezi Septemba 2019, watoto wamemiminika madarasani, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kasi ile ile, wala walimu. Mwalimu mmoja anakabidhiwa watoto ambao hawezi hata kuwasahihishia madaftari kabla ya usiku kuingia. Kuna mwalimu ambaye anafundisha bila kupokea mshahara wa serikali, kwa kuwa yumo katika orodha ya wale tunaowaita "NU", na papo hapo amekatazwa kuwaomba wazazi chochote. Migomo nayo imetuchosha. Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma kwa wito wa chama chao cha SYNECAT, na Septemba 2024 mwaka wa masomo ulianza tena kwa mgomo sehemu nyingi za nchi. Kwa ndugu zetu wa Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya na Salamabila imevuta bunduki, kumpeleka mtoto shuleni mara nyingine ni kumpitisha njia ambayo hata mtu mzima anaiogopa.

Kwa hiyo mzazi akisema, "Nitamfundisha mwenyewe," hasemi upuuzi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya elimu atakayompa mtoto wake. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Haki ya mzazi na wajibu wa shule vimewekwa mahali pamoja, na ombi langu linatoka hapo. Fundisheni nyumbani kwa nguvu zenu zote, ila msiliondoe jina la mtoto shuleni.

Nyumba inafundisha vizuri kuliko tunavyokiri. Kuna mama mtaani kwetu anayeuza mchele mbele ya nyumba yake. Binti yake wa miaka 10 ndiye mshika kopo. Mteja akitaka makopo manne na nusu, mtoto anapima, anafuta juu kwa kiganja ili mama asipunjike na mteja asinung'unike, kisha anataja bei kabla mteja hajamaliza kuhesabu vidole. Akipewa noti ya franka 5000, chenji inatoka bila kusitasita. Jioni mama yake humwandikia hesabu nyingine kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa zamani ulioegemezwa ukutani, wakazifanya pamoja kwa Kiswahili mpaka mwanga uishe. Nimewahi kusimama pale nikitazama. Hakuna anayepiga kelele, hakuna fimbo. Mtoto akikosea, mama anamwambia arudie kupima mchele kwa macho yake, naye anacheka na kurudia.

Ndipo siku moja kaka yake mkubwa alipomletea kitabu cha hesabu cha mwaka wa tano, kwa Kifaransa. Swali lilikuwa la sehemu: nusu ya kitu jumlisha robo yake. Binti anayeuza makopo manne na nusu kila siku alilitazama swali lile kama limeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Alikuwa analijua jibu. Hakujua kwamba analijua. Na hakuna shule yoyote yenye jina lake, kwa hiyo hayupo mwalimu wa kumvusha pale.

Mama huyo sina la kumlaumu. Kazi yake ni nzuri mno, na wala simwombi aiache. Namwomba aipeleke mbele ya mwalimu, ili alichokipanda uani kipate kuvunwa kwenye mtihani. Watoto husoma kwa wepesi zaidi wanapoanzia katika lugha wanayoota nayo. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 nayo inataka lugha zetu za taifa zitumike kufundishia. Mama wa Kasongo anayemfundisha mtoto herufi kwa Kiswahili anaitekeleza sheria hiyo kuliko ofisi nyingi. Lakini mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule uliokuwa ukiitwa TENAFEP na sasa ENAFEP, hauji uani. Bulletini haitolewi na mama. Bila bulletini hakuna sekondari, na bila sekondari ile Diploma ya Serikali inabaki kuwa ya watoto wa wengine.

Wapo watakaonijibu kwamba duniani kuna watu wanaosomesha watoto nyumbani na wanafanikiwa. Ni kweli. Marekani majimbo yote yanaruhusu jambo hilo. Ujerumani hairuhusu, na mzazi anayemzuia mtoto kwenda shule hupelekwa mahakamani. Lakini mzazi wa Marekani anayefundisha nyumbani ana maktaba ya umma, ana umeme usiku kucha, ana vitabu vya kila darasa vinavyoletwa mlangoni. Sisi tukimtoa mtoto shuleni, tunamtoa mahali pekee palipo na ubao, mtaala na mtu aliyesomea kazi ya kufundisha, hata kama mtu huyo hajalipwa.

Na Kasongo yetu imewahi kuipita njia hii ya kuwabakiza watoto nyumbani. Wazee wanalijua, ingawa hatulisemi sana.

Huu ni mji wa watu walioandika kabla ya Mbelgiji kufika. Enzi za Tippu Tip na mwanawe Sefu, Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa biashara. Ulijengwa kwa pembe za ndovu na kwa jasho la watu waliotekwa, na dhambi hiyo tusiifiche. Lakini pia ulikuwa na vyuo, walimu, na watu walioandikiana barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aprili 1893 jeshi la Wabelgiji likiongozwa na Dhanis liliuteka. Baada ya hapo serikali ya kikoloni haikujishughulisha sana kujenga shule zake yenyewe kwa ajili ya watoto wetu. Kazi hiyo iliwekwa mikononi mwa misheni. Mkataba wa 1906 kati ya dola ya Kongo na Vatikani uliwapa wamisionari ardhi na jukumu la kufungua shule, na katika miaka ya 1920 fedha za serikali zikaanza kwenda kwenye shule za misheni za Kikatoliki. Huku kwetu walikuja Mapadri Weupe.

Mzazi Mwislamu wa Kasongo akajikuta na milango miwili. Ampeleke mtoto misheni akijua kwamba huenda akarudi na jina jipya na dini nyingine, au ambakize nyumbani. Wengi waliwabakiza. Na tuwatendee haki: nyumba hizo hazikuwa nyumba za ujinga. Mtoto alikaa mkekani na ubao wake, akasoma juzuu kwa juzuu. Akajifunza kushona, kujenga, kupima nguo dukani, kuandika barua ya madai na barua ya posa. Wasichana wengi walisoma Kurani kwa shangazi zao. Ilikuwa elimu ya nyumbani ya kweli, yenye walimu, nidhamu na heshima.

Lakini karani alitakiwa awe na cheti cha misheni. Vivyo hivyo mwalimu, na msaidizi wa daktari. Elimu ya uani haikuwa na mahali pa kuandikwa, na serikali haikutaka kuihesabu. Waprotestanti wenyewe walisubiri hadi mwisho wa miaka ya 1940 ndipo shule zao zipate msaada wa fedha za serikali. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Miaka 6 baadaye uhuru ukafika, na Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hii hawakufika 30. Fikiria basi watoto wa wale ambao hata mlango wa msingi waliukwepa kwa sababu za haki kabisa. Walikuwa na akili na maandishi, lakini katika ofisi za mji wao wenyewe walisimama upande wa nje wa dirisha wakisubiri kuandikiwa.

Kosa kubwa lilikuwa la mkoloni, hilo sina shaka nalo. Aliyempa mzazi chaguo baya kiasi kile ndiye wa kulaumiwa. Ila waliolipa gharama ni watoto, na wajukuu wao, na sehemu ya deni hilo bado inalipwa Maniema hadi leo. Ndiyo maana nilifurahi kuona jumuiya ya Kiislamu, baada ya kupata mkataba wake wa kuendesha shule kama Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu waliotia saini mwaka 1977, ikijenga shule nyingi katika mkoa wetu baada ya vita vya 1998 hadi 2003. Leo mtoto wa mwalimu wa chuo anaweza kusoma Kurani alfajiri na hesabu saa mbili asubuhi, na hakuna anayemwambia abadili jina. Mlango ambao babu zetu hawakuupata uko wazi. Tusiufunge sisi wenyewe kutoka ndani kwa kuwa chumba kina msongamano.

Nije kwenye jambo ambalo husahaulika tukifikiria mtoto mmoja mmoja. Mzazi anayeweza kufundisha nyumbani ni mzazi wa aina gani? Ni yule anayejua kusoma, na anayejua mtaala unataka nini. Ndiye anayeweza kusimama katika mkutano wa wazazi akamwuliza direkta: fedha za uendeshaji zimeingia kiasi gani, na zimenunua nini? Walimu wetu wa NU ni wangapi, na faili zao zimekwama wapi? Huyo akimtoa mwanawe, anaondoka na sauti yake. Shule inabaki na wazazi ambao wengi hawakupata nafasi ya kusoma, wanaoogopa kuuliza, na mambo yanazidi kuharibika, halafu sisi tulioondoka tunasema, "Mnaona? Nilijua."

Tena idadi ya watoto walioandikwa ndiyo inayopimwa wakati wa kupanga madarasa na walimu. Darasa likipungua kwenye karatasi, mwalimu anayesubiri mshahara anakosa hoja ya kumtetea. Kwa hiyo hata mtoto ambaye njia ya kwenda shule imefungwa na vita kwa miezi kadhaa, jina lake lina kazi ya kufanya akiwa hayupo. Wazazi wa Kabambare mliokimbia, hili nawaambia kwa upole: mkifika mahali pa hifadhi, hata kama mnajua mtarudi baada ya wiki chache, mwandikisheni mtoto katika shule iliyo karibu. Mwendelee kumfundisha chini ya turubai kama mnavyofanya, na mwalimu wa hapo ajue kwamba mtoto yupo.

Mwaka 2020 tulijaribiwa wote kwa pamoja. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Madarasa ya mwisho yalirudi Agosti, mengine Oktoba, kisha zikafungwa tena mwezi Desemba hadi Februari 2021. Masomo yalirushwa kwa redio, Radio Okapi ikiwemo. Ni nani waliofaidika? Watoto ambao nyumbani palikuwa na mtu wa kukaa nao karibu na redio, akazima sauti, akauliza, "Umeelewa nini?" Ambapo hapakuwa na mtu wa aina hiyo, au hapakuwa na betri, mwaka ulipita bure. Wavulana wengine walishika njia ya machimbo. Wasichana wengine waliozwa, na madaftari yao yakatumika kufungia karanga. Mzazi aliyesoma aliweza kuokoa mtoto wake. Mtoto wa jirani hakuwa na wa kumwokoa, ingawa kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa matete tu.

Hapo ndipo ombi langu la pili linapoanzia, na ndilo ninalolipenda zaidi. Ninyi mnaofundisha vizuri nyumbani, fungueni uwanja wenu. Muda wa saa moja jioni, siku tatu kwa wiki, unatosha. Mkeka, ubao, taa ya sola kama ipo. Waiteni watoto wa nyumba za jirani, hasa wasichana ambao jioni huwakuta jikoni wakitwanga sombe. Msome kwa Kiswahili kwanza, kisha mwingie Kifaransa taratibu, kwa sababu Kifaransa ndicho kinachowaangusha wengi. Hamhitaji kibali cha mtu ili kumsikiliza mtoto akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Vijana mliopata Diploma ya Serikali mkawa mnasubiri kazi, mtaa unawahitaji kuliko mnavyodhani. Na isiwe biashara. Najua kuna masomo ya ziada ya kulipia ambayo hustawi wakati wa migomo, na simwonei kinyongo mwalimu anayetafuta chakula. Lakini ikiwa kila tunachofundisha baada ya saa za shule kinauzwa, tutakuwa tumeirudisha ile ada ya wazazi iliyotutesa tangu miaka ya 1990, kwa mlango wa nyuma.

Mashehe, mapadri, wachungaji, nanyi walimu wa chuo: pangeni saa zenu na madirekta wa shule. Watoto wengi wanachoka kwa kukimbizwa huku na huku, mwisho mzazi analazimika kuchagua, na akichagua, shule ndiyo inayoachwa. Ninyi mkikaa kwenye benchi moja na direkta kwa nusu saa mwanzoni mwa mwaka, mzazi hatalazimika kuchagua tena. Watu huwasikiliza. Neno moja la Ijumaa na neno moja la Jumapili, kwamba kila mtoto aandikishwe, lina nguvu kuliko barua kumi za ofisi.

Kwa wale wanaosema, "Mwanangu amekwisha pitwa, sasa ana miaka 13 na hajui kusoma, nitamchanganya vipi na wadogo?" jibu lipo. Vituo vya kufidia masomo vilivyo chini ya idara ya Mambo ya Jamii vinapitisha miaka 6 ya shule ya msingi ndani ya miaka 3, na mwishoni mtoto anafanya mtihani ule ule wa taifa. Kwa mkubwa zaidi aliyejisomea mwenyewe, ipo njia ya mtahiniwa wa kujitegemea anayepita mitihani ya awali kabla ya kuruhusiwa kufanya Mtihani wa Serikali. Kijana aliyefundishwa vizuri na mama yake uani anaweza kufika huko. Kaulizeni kwa inspekta, na mkijibiwa nusu nusu, rudini tena.

Nanyi walimu, hasa mnaofundisha bila mshahara. Najua wito kama huu unaweza kuwaumiza, kana kwamba tunawaongezea watoto juu ya mzigo. Siwaombi mbebe peke yenu. Nawaomba mkimwona mtoto aliyefundishwa nyumbani akiingia darasani amekwisha jua kusoma, msimvunje moyo kwa kuwa hakujifunza kwa njia yenu. Mpeni mtoto huyo asome na wenzake watatu kwenye kona ya darasa. Mwiteni na mzazi wake. Mzazi aliyekwisha fundisha nyumbani anaijua kazi yenu ilivyo ngumu, na ndiye atakayesimama nanyi kudai mlipwe.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, basi, mpeleke mtoto aandikwe, huyo unayemfundisha vizuri na huyo ambaye umekata tamaa naye. Ukiambiwa nafasi zimejaa, usirudi nyumbani kimya; mtafute mjumbe wa komite ya wazazi mwende naye kwa direkta. Ukidaiwa fedha ya kuandikisha mtoto wa msingi katika shule ya umma, ulizeni wewe na mjumbe huyo kwa adabu fedha hiyo ni ya nini, na mwombe karatasi. Halafu njoo kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi, hata kama una kazi shambani siku hiyo. Njoo na karatasi yenye majina ya watoto wa mtaani kwako ambao bado hawajaandikwa popote, tuyasome pale pale, mtoto mmoja baada ya mwingine, na kila jina lipate mtu mzima wa kulifuatilia kabla hatujatawanyika.